Mmewasahau Duma na Overthrust

Makala yenu ya bendi za metal (ule muziki mzito wa gitaa na ukelele) za Afrika ni nzuri, ila jamani Duma hamuwataji kabisa?? Hawa ni majamaa wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, albamu yao inaitwa Duma tu, ilitoka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na huko huko Kampala ndo waliirekodi. Drums zote ni za mashine, zinaenda kasi mpaka huwezi kuhesabu mapigo, juu yake gitaa linakwaruza na Khanja anapiga ukelele wa kutoka tumboni kabisa, mi naona hiyo ndo nguvu yao maana hawajajaribu kuiga Wazungu. Anza na wimbo wa Lionsblood, vaa hedifoni, maana ukisikilizia kwenye spika ya simu utaona ni kelele tupu utaacha.

Sio kila wimbo umenikaa, katikati pale kuna sehemu zinachosha kidogo, lakini ukiisikiliza yote kwa mkupuo inashika vibaya mno. Khanja anajiita pia Lord Spikeheart, 2024 katoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwangu mimi hiyo imepangwa vizuri zaidi.

Na Botswana msiishie kwenye picha za mashabiki wa metal wenye makoti ya ngozi na kofia za kauboi, wasikilizeni Overthrust wa Ghanzi, death metal (metal nzito zaidi, sauti ya kunguruma) ya kizamani, gitaa zito, besi inasikika vizuri, alafu tamasha wanaandaa wenyewe na wanachangia wenye shida. Mwandishi tafadhali fanya sehemu ya pili, hawa watu wanastahili kusikika.