Mudryk alituuma zaidi sisi wa mbali

Januari 2023 Arsenal walimkosa Mykhailo Mudryk, winga wa Shakhtar ya Ukraine aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22. Tulishamhesabu ni wetu. Mwenyewe alikuwa akiweka Instagram kwamba anatazama mechi za Arsenal, sasa ulitaka ushahidi gani tena? Chelsea wakatuma watu mpaka Uturuki, Shakhtar walikopiga kambi, wakaweka mezani euro milioni 70 na nyingine 30 za nyongeza, mkataba wa miaka minane na nusu. Biashara ikaisha.

Naishi London kaskazini, upande wa Arsenal, nikategemea mtaa uzizime. Wapi! Jumapili ile ya tarehe 15 Chelsea wanamtembeza kijana Stamford Bridge wakati wa mapumziko, huku kwetu habari ni moja tu: derby na mahasimu wetu Tottenham. Tukawapiga 2-0 kwao, na jioni ukimtajia mtu Mudryk anakuangalia kama umekuja kumdai. Jirani yangu, mzee mwenye tiketi ya msimu tangu enzi za Highbury, uwanja wetu wa zamani, aliuliza kimoja tu: hizo hela ambazo hazikutoka zitanunua nini? Kila pauni ya klabu anaihesabu kama imetoka mfukoni mwake. Na kusema kweli, nyingine zimetoka humo.

Sasa fungua simu. Grupu letu la Dar lilikuwa msibani. Kuna aliyetukana wamiliki na ukoo wao wote, kuna aliyejitoa kwenye grupu (alirudi baada ya ile derby), na watu wa Chelsea, sijui waliingizwa na nani, wanatupa pole. Mdogo wangu aliyeko Mbagala alizunguka njia ya nyuma asipite kijiweni. Utani wa kule haukuachi mpaka dirisha la usajili lifungwe, na hata likifungwa utakumbushwa.

Tena Dar mwezi huohuo ilikuwa na sakata lake. Kiungo Fei Toto ameaga Yanga, TFF, shirikisho la soka la nchi, wanasema bado ni mchezaji wa Yanga, yeye harudi. Ilikwenda hivyo mpaka Juni, Rais Samia akaligusia Ikulu alipowaalika Yanga waliotoka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ndipo Fei akatua Azam. Mweleze Mwingereza kwamba rais wa nchi ameongelea mkataba wa kiungo, atadhani unatia chumvi.

Huku nasikia sana kwamba mashabiki wa Afrika ni wa mitandaoni, kelele za usajili tu, mpira hawaujui. Dharau hiyo siikubali. Mtu wa Islington, huku kwa Arsenal, ana uwanja. Anaingia, anaimba, anamzomea refa, na wamiliki wakimchefua anasimama getini na bango, kama Aprili 2021 kwenye sakata la Super League, ligi ya klabu tajiri ambayo Arsenal walijiunga kisha wakajitoa. Wa Mbagala analipa kuangalia mechi kwenye kibanda umiza, basi. Simba au Yanga wakisajili anaweza kwenda kumpokea mchezaji uwanja wa ndege. Arsenal wakisajili hana pa kwenda. Tetesi za usajili ndiyo sehemu pekee ya klabu ambamo yeye na yule mzee mwenye tiketi wako sawa: wote hawajui kitu, wote wanasubiri. Akipokonywa hiyo, unataka asiumie?

Ila kusahau upesi, hilo London wanatuzidi. Siku chache baadaye akaletwa Leandro Trossard kutoka Brighton, miaka 28, kwa bei ya chini mno. Grupuni wakamwita babu. Machi, pale Fulham, babu akatoa pasi tatu za mabao kipindi cha kwanza tu, grupu kimya.

Mudryk alianza kwa kuwaka Anfield, kwa Liverpool, kisha akafifia, na Desemba 2024 zikaja habari za kipimo cha dawa zilizokatazwa michezoni na kusimamishwa. Waliomlilia ndio leo wanaandika "Mungu alituepusha" na vikaragosi vya kicheko. Hapo sipo nao. Kijana alitoka nchi iliyo vitani, na mara tu alipouzwa rais wa Shakhtar alitangaza kutenga dola milioni 25 kwa ajili ya askari na familia zao. Katika kelele zile zote sikumbuki aliyelitaja hilo, si huku, si kule.