Uchovu wa majira kubadilika sio uvivu, na dawa yake haiko kitandani

Kila majira yakigeuka, iwe joto linaingia au baridi inaanza kukaza, malalamiko ni yale yale, mwili mzito, kichwa hakishiki kitu, ukikaa tu chini macho yanajifumba yenyewe. Na jibu ambalo watu wanapewa ni "acha uvivu". Hilo jibu linaniudhi kweli kweli, manake mtu akishaambiwa hivyo anaongeza kahawa, anajilazimisha, jioni anajilaumu, na uchovu uko pale pale.

Jamani mwili una kazi kubwa kipindi hiki ila haionekani. Ndani ya ubongo, kwenye sehemu inayoitwa haipothalamasi, kuna seli chache ambazo ndio saa ya mwili, na hiyo saa inajirekebisha kwa mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia homoni ya melatonini, ile inayouandaa mwili kulala, inapanda, mwanga wa asubuhi unaishusha. Sasa kwa wanaoishi mbali na ikweta, karibu na mwezi Machi na Septemba ndipo urefu wa mchana unabadilika haraka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa hiyo saa ya ndani na ya nje zinapishana. Na walio karibu na ikweta, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, nao hawajapona, manake mawingu yakitanda siku nyingi mtu anajifungia ndani na mwanga anaoupata unakuwa kidogo mno.

Joto nalo lina yake. Likianza, mishipa ya damu ya kwenye ngozi inatanuka ili mwili upoe, presha inaweza kushuka kidogo, jasho linatoka na maji na chumvi, moyo nao unaongeza kazi. Mwili kulizoea joto jipya unahitaji kama wiki 1 hadi 2, na ni wiki hizo hizo mtu anaitwa mvivu.

Ninachoamini mimi ni kwamba tunaukimbiza huu uchovu upande sio. Wengi wanataka kuumaliza kwa kulala, siku ya mapumziko mtu analala mpaka saa tano asubuhi halafu usiku usingizi hauji, kesho yake anaamka amechoka kuliko jana. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, sawa, hizo zilale wala usizipunguze, lakini kinachoirudisha saa ya mwili kwenye mstari ni asubuhi, amka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na utoke nje upate mwanga. Sio kufungua pazia tu, toka. Taa za ofisini kwa kawaida zinatoa kama lux (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500 hivi, wakati nje hata siku ya mawingu unapata maelfu, na jua likiwaka vizuri inafika laki 1. Jicho linazoea haraka ndio maana ndani unaona kuna mwanga wa kutosha, kumbe kwa ile saa ya ubongo ni kama bado hakujakucha. Dakika 20 au 30 zinatosha, piga mswaki ukiwa nje, tembea kidogo kabla ya kupanda gari, ongea na simu umesimama uwanjani, ila usilikodolee jua macho.

Kahawa siipingi, napinga kahawa ya jioni. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya kama saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, ikifika saa tatu usiku nusu yake bado inafanya kazi na wewe unashangaa kwa nini unageuka geuka tu. Maji pia, baridi inapunguza kiu, unajikuta umeshinda siku nzima hujanywa.

Halafu kuna hili watu hawalioni kabisa, dawa za mafua na aleji. Majira yakigeuka ndio zinamezwa sana, na zile za zamani kama chlorpheniramine zinasinzisha vibaya, unameza asubuhi unasinzia mpaka mchana halafu unasema ni hali ya hewa. Muulize mfamasia kama kuna isiyosinzisha. Na hivyo vidonge vya vitamini vya "kuongeza nguvu" mimi siwezi kumshauri mtu anunue kabla hajapimwa akajua kama kweli anapungukiwa.

Lakini pia usiusingizie msimu kila kitu. Kuna sonono inayorudi kila mwaka msimu ule ule, Dk. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984 huko Marekani, huo ni ugonjwa na una tiba, mojawapo ni taa maalumu ya lux 10,000 asubuhi. Na kama wiki 2 au 3 zimepita, unalala vizuri, unapata mwanga, na bado ngazi chache tu zinakumaliza pumzi, nenda ukapime damu, sukari na homoni za tezi ya thairoidi, manake upungufu wa damu huwa unajificha hapo hapo kwenye "ni baridi tu". Ukifika kwa daktari mwambie uchovu ulianza lini, dawa gani unameza, na kama wanaolala karibu na wewe wanasema unakoroma sana, mwambie na hilo, manake kukoroma huko nako kunaweza kuwa ndio chanzo.