Tovuti ikigoma kwenye kompyuta ya steshenari, wa kulaumiwa nani?

"Mfumo unasumbua, dada, rudi jioni."

Kauli hii nimeisikia mara nyingi kwenye steshenari za Mtwara mjini, hata ikafika mahali sikuitilia maanani. Siku moja nilikuwa Chikongola nasubiri kutoa kopi za vyeti. Binti mmoja aliyetoka Tandahimba alikuwa anajaziwa fomu ya maombi kwenye tovuti ya taasisi ambayo sitaitaja. Kijana wa steshenari alishachagua mkoa, Mtwara. Kisanduku cha wilaya, ambacho kilitakiwa kujaa chenyewe, kikabaki kitupu. Maneno ya pembeni yalikuwa yamebanana bila nafasi, na kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. Akarifreshi mara tatu, ndipo akatoa kauli yake.

"Jioni mimi nitakuwa Tandahimba, kaka," binti akajibu.

Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza tovuti, niliomba kuangalia. Mfumo ulikuwa mzima kabisa, maana kwenye simu yangu fomu ileile ilifunguka. Kompyuta ile ilikuwa na Windows 7, na Chrome yake, yaani kivinjari cha kufungulia tovuti, iliwekwa kwa flashi miaka mingi nyuma, kisha apdeti zikazimwa zisije zikala bando. Ilikuwa toleo la sabini na kitu. Nilikuwa na Chrome 109 kwenye flashi yangu, tukaiweka, orodha ya wilaya ikashuka na Tandahimba ikiwemo. Binti akawahi gari.

Basi wale wanaosema dawa ni watu kuapdeti vivinjari vyao wameshinda kesi? Mimi nasita, na sababu ya kwanza ni ya kiufundi.

Ukurasa wa tovuti una sehemu mbili zinazozeeka kwa namna tofauti. Upande wa sura huandikwa kwa CSS. Kivinjari kikikuta amri ya CSS kisiyoijua, huiruka kimyakimya na kwenda kwenye inayofuata. Ndivyo lugha yenyewe ilivyoundwa. Yale maneno yaliyobanana yalitokana na amri ya kuacha nafasi kati ya visanduku vilivyopangwa kwa flexbox (njia ya CSS ya kupanga vitu kwa mstari), amri ambayo Chrome ilianza kuielewa kwenye toleo la 84, mwaka 2020. Haipendezi machoni, lakini fomu inajazika. Upande wa utendaji huandikwa kwa JavaScript, na huku hakuna kusameheana. Alama moja tu ya uandishi ikiwa ngeni, faili zima linakataliwa kabla mstari wa kwanza haujafanya kazi. Iliyoua kisanduku cha wilaya ilikuwa kiulizo kilichofuatwa na nukta, njia ya mkato ambayo Chrome iliifahamu kuanzia toleo la 80, nayo ni ya 2020. CSS ni mgeni anayekula alichokizoea na kuacha kingine. JavaScript akiona kitoweo kimoja asichokijua anasusa sinia zima.

Kwa hiyo binti yule alikwamishwa na alama mbili zilizomwokoa mtengenezaji sekunde chache za kuandika. Na ziko zana, Babel ni mojawapo, zinazogeuza uandishi mpya kuwa wa zamani bila mtu kuhangaika kwa mkono. Nikifika hapa nakuwa upande wa binti, na neno "apdeti" naliona kama njia ya mtengenezaji kumtwisha mteja mzigo wake.

Lakini upande wa pili una hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaotetea wenye vifaa vya zamani. Kuandika kwa ajili ya vivinjari vya zamani si bure. Msimbo, yaani maandishi ya programu, ukigeuzwa huwa mrefu zaidi, na juu yake huongezwa polifili, yaani vipande vinavyokifundisha kivinjari kizee mambo asiyoyajua. Ukivituma kwa kila mtu, mwenye simu mpya kule Nachingwea anakatwa bando kwa ajili ya dawa ya ugonjwa asioumwa. Ipo namna ya kukwepa hilo: faili jipya linatangazwa kama moduli, aina mpya ya faili la JavaScript; vivinjari vya zamani sana havielewi tangazo hilo vinaliacha, vinachukua faili lao la pembeni. Tatizo ni kwamba mafaili mawili yanataka kupimwa mara mbili. Mtu aliyepewa kazi ya tovuti ya nyumba ya wageni Mikindani kwa malipo ya kusukuma siku atapima kwenye simu yake mwenyewe, basi. Simlaumu.

Hoja ya usalama ndiyo inayonibana zaidi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome wakaishia hiyo 109 mwanzoni mwa 2023, na kwenye Windows 7 hakuna toleo la juu yake. Kompyuta ya steshenari kutwa nzima inaingiziwa namba za NIDA, nywila na namba za simu za watu wasiofahamiana. Tovuti inayofanya kazi vizuri kwenye kivinjari chenye matundu yasiyozibwa inamsaidia mteja leo na kumweka hatarini hapohapo. Nilipoweka ile 109 nilitatua tatizo la fomu, sikutatua hili. Kwa hakika afadhali ningeweka kivinjari kingine, Firefox 115 ESR (toleo la kutunzwa muda mrefu), kwa sababu watengenezaji wake, Mozilla, waliendelea kuitolea viraka vya usalama kwenye Windows 7 muda mrefu baada ya Chrome kujitoa. Sikuwa nayo kwenye flashi.

Tena kukibembeleza kivinjari kizee kunaweza kukirefushia maisha. Korea Kusini walijenga huduma zao za benki za mtandaoni juu ya ActiveX, teknolojia iliyokwenda na Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, na kwa miaka mingi raia wa nchi iliyosifika kwa intaneti ya kasi walilazimika kurudi kwenye kivinjari hichohicho ili kufanya malipo. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001 na kuwatesa watengenezaji muongo mzima. Internet Explorer 11, ya mwisho katika ukoo huo, Microsoft waliiaga tarehe 15 Juni 2022. Waliokuwa wamejenga mifumo inayoikubali hiyo pekee walibaki na kazi ya kubomoa.

Nikienda kwenye simu mambo hubadilika kidogo, maana huko uzee wa kivinjari mara nyingi hautokani na ukaidi wa mwenyewe. Simu ya GB 8 iliyojaa video za WhatsApp za misiba na harusi haina nafasi ya kupokea Chrome mpya. Wengine wako kwenye kivinjari chepesi cha Opera Mini kwa makusudi, tena kwa akili nzuri: kwenye hali yake ya kubana zaidi, ukurasa huandaliwa kwanza kwenye seva za Opera, ukaletwa simuni ukiwa mwepesi. Gharama yake ni kwamba JavaScript hufanya kazi kwa mipaka, hivyo orodha za mkoa na wilaya zinazojazana papo kwa papo hukwama palepale. Mtu huyu ukimwambia "apdeti" hujamwambia kitu.

Yapo pia matatizo ambayo mtengenezaji anasingiziwa. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme ukikatika. Kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti, kinaona cheti bado hakijaanza kutumika, kinatoa onyo kwa kila ukurasa. Nimewahi kuitwa Lindi kwa tatizo lililoelezwa kuwa ni la tovuti, nikakuta kompyuta iko 2009. Simu za Android za toleo la kabla ya 7.1.1 nazo hazina ndani yake cheti-mzizi kipya (cheti cha msingi kinachofanya vingine viaminike) cha Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi sana. Kile cha zamani walichokitegemea kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mpango maalumu wa kuzibeba simu hizo nao ukafika mwisho 2024. Hapo hata ukiandika msimbo wa kizamani namna gani, Chrome ya simu hiyo itagoma mlangoni. Firefox huingia, kwa sababu hubeba orodha yake ya vyeti.

Sasa nani abebe mzigo? Mimi naona swali hili halina jibu moja kwa tovuti zote, na ugomvi mwingi wa watengenezaji unatokana na kulilazimishia jibu moja. Tovuti ya nyumba ya wageni ikigoma kwenye kivinjari cha zamani, mgeni atapiga simu au atalala kwingine, na hasara ni ya mwenye nyumba aliyekubali kuibeba. Maombi yenye tarehe ya mwisho ni kitu kingine. Binti wa Tandahimba hana mlango wa pili wa kuombea. Mkulima anayetakiwa kuhakiki taarifa zake kabla ya msimu wa korosho hana mfumo wa jirani wa kukimbilia. Huduma isiyo na mbadala haina haki ya kumchagulia mtu kifaa.

Hata hivyo simaanishi tovuti ipendeze kwenye kila kifaa. Mwaka 2012 timu ya habari ya BBC ilieleza utaratibu wao: ukurasa wa msingi, habari zenyewe, unakwenda kwa wote, kisha msimbo mfupi unakiuliza kivinjari kama kina uwezo wa mambo matatu, na kikifaulu tu ndipo kinaletewa manjonjo. Fomu inawezekana hivyohivyo. Orodha ya wilaya iwe HTML tupu (lugha ya msingi ya kurasa za tovuti), ndefu na mbaya, halafu JavaScript ikiwepo iipunguze kulingana na mkoa. Ukiulizwa wilaya na ukalazimika kutafuta Tandahimba katikati ya wilaya zote za nchi utakunja uso, lakini utaipata. Nywila na mambo ya fedha ningeyawekea onyo la wazi, kwa Kiswahili, kwamba kivinjari hiki hakina ulinzi tena, bila kumfungia mtu mlango.

Wanaosema hiyo ni kazi ya ziada wako sahihi. Ni kazi ya ziada ya siku chache kwa mtu mmoja anayelipwa kuifanya, ukiilinganisha na nauli za watu wanaoambiwa warudi jioni.

Mwenye steshenari alikuja tunamalizia, akaniuliza hiyo 109 itadumu mpaka lini. Nikamwambia Windows 7 ndiyo imefika mwisho, hata Windows 10 Microsoft walipanga ukomo wake 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi mashine za umri wa hiyo yake. Akauliza bei ya kompyuta iliyotumika. Nikamtajia. Akaitazama mashine yake kidogo, halafu akasema, "Lete hivyo vyeti, ulitaka kopi ngapi?"