Shemeji angojea Kivu lipwe

Shemeji yangu ni mtu wa Mombasa, na mtu wa pwani humwambii kitu kuhusu maji. Alipokuja kututembelea Bukavu alibeba darubini, akatangaza kwamba anataka kuona vitwitwi. Kwao, alisema, bahari hupwa mara mbili kwa siku. Matope yakibaki wazi ndege hushuka makundi kwa makundi kuchokoa minyoo na vikaa, mpaka maji yajae tena na kuwafukuza. Kazi yako ni kukaa tu na kungoja.

Basi tukakaa. Ufukoni mwa Kivu, mita 1,460 juu ya hiyo bahari yake, jua la saa nane likituchoma visogo. Nilimwambia ziwa halipwi. Akanitazama kwa huruma: maji ni maji. Saa tisa ikapita. Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akifua, akamwuliza kwa adabu zote za Kimvita maji yataondoka saa ngapi.

Mama hakuinua hata kichwa. "Papa, inaendaka kila siku. Inapita mu mto Ruzizi, inafika Uvira. Kama unaifuata, panda gari."

Watoto wakaangua kicheko. Hapo hapo kitwitwi akatua kweli, mmoja tu, tumbo jeupe, mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika. Ndege huyu huzaliwa Ulaya au Asia, akaja kwetu kukimbia baridi, na wala hana haja ya kupwa na kujaa. Ukingo wa tope unamtosha. Alikuwa akitembea juu ya chupa za plastiki zilizoshonana na majani, zile ambazo mvua huzisukuma kutoka mitaa ya juu. Shemeji akaona ndege anatembea, akajua ni nchi kavu. Akamwachia mtoto darubini, akaanza kunyata.

Hatua ya kwanza ilimpokea. Ya pili ikammeza hadi mapajani. Nikamshika mkono nimvute, naye, kwa uzito alioupata tangu amwoe dada yangu, akanivuta mimi. Kiatu changu cha kushoto kiko huko hadi leo. Kitwitwi hata hakuruka. Alisogea pembeni kidogo, akachokoa mdudu, akaendelea na mambo yake.

"Leteni kamba!" nikapiga kelele.

Mtoto akaiweka darubini machoni, mbele nyuma, akatuangalia kwa makini.

"Mama," akaita, "hawa bako mbali sana. Kamba haitafika."