Mzani ni mmoja, daraja ni ugomvi

Jumamosi moja mwishoni mwa msimu wa korosho, Mtwara mjini, bondia kijana wa kona ya bluu alinyanyuliwa mkono na nusu ya ukumbi ikasimama kupiga kelele: "Wizi! Kabebwa!" Nusu nyingine ilikuwa inashangilia mpaka viti vya plastiki vinapinduka. Mimi nilikuwa na wale wa wizi. Rafiki yangu, fundi pikipiki wa Chuno ambaye hakosi pambano hata la watoto, alikaa upande wa pili wa ulingo. Tulikuwa tumekubaliana tangu mchana kila mmoja aandike pointi zake kwenye karatasi bila kuonyeshana. Tulipokutana nje, karatasi yangu ilisema 29-28 kwa nyekundu, kijana aliyetoka Masasi. Yake ilisema 30-27 kwa bluu.

Hatukuhongwa. Hakuna aliyetununulia hata soda, na kiingilio tulilipa wenyewe.

Tulibishana hadi chipsi zikapoa, ndipo tukagundua kwamba raundi ya pili kila mtu aliangalia pambano lake. Kutoka nilipokaa mimi, jebu za nyekundu, yaani ngumi zilizonyooka za mkono wa mbele, zilikuwa zinatua usoni na kichwa cha bluu kinarudi nyuma. Kutoka alipokaa yeye, ngumi zilezile zilikuwa zinaishia kwenye glovu ya kulia iliyobanwa shavuni, na kichwa kilirudi kwa kuwa mwenyewe alikuwa anakwepa. Ngumi za mbavu za bluu sikuziona hata moja. Mgongo wa nyekundu ulizikinga, na refa akamalizia pale ulipobaki upenyo. Fundi alizihesabu tano, na akanionyesha kwa kiwiko chake mahali zilipoingia.

Ulingo una pande nne. Usiku ule majaji walikuwa watatu.

Basi kabla ya kumwita jaji mwizi, tuwekane sawa kwenye hesabu yenyewe, maana kelele nyingi zinaanzia hapo. Pambano la ridhaa la wakubwa ni raundi tatu za dakika tatu. Kila raundi jaji analazimika kutoa mshindi: huyo anapata 10, mwenzake anapata 9, au 8 akizidiwa sana, au hata 7 akigeuzwa gunia la mazoezi. Sare ya raundi haipo. Anachotazama ni ngumi safi zilizotua mahali halali, nani anaongoza pambano kwa ufundi na mbinu, na nani ana ari ya kushindana. Sasa mchukue bondia aliyeshinda raundi mbili za mwanzo kwa kiduchu, 10-9 na 10-9. Ya tatu akapigwa mpaka kinga ya meno ikamtoka, ila jaji akaona bado haijafika 10-8, naye akaandika 10-9 kwa mpinzani. Jumla ni 29-28, na aliyepigwa ndiye anayenyanyuliwa mkono. Ukumbi unarudi nyumbani na raundi ya tatu kichwani. Zile mbili za mwanzo, ambazo wengi walikuwa bado wanatafuta pa kukaa, hazina mtetezi.

Halafu kuna kuhesabiwa. Tuliolelewa na ngumi za kulipwa kwenye televisheni tunajua ukidondoka na kuhesabiwa, raundi hiyo kwa kawaida ni 10-8. Kwenye ridhaa kudondoka peke yake hakumlazimishi jaji kuandika 8. Nimeona mzee mzima anarusha chupa ya maji kwa kutojua hilo.

Hata hivyo kuibiwa kupo, na ushahidi wake hauko Mtwara tu. Olimpiki ya Seoul 1988, fainali ya kilo 71, Mmarekani Roy Jones Jr. alimtandika mwenyeji Park Si-hun raundi zote tatu. Hesabu iliyofanywa na televisheni ya Marekani ilimpa Jones ngumi 86 kwa 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Jones akaondoka na medali ya fedha na pia kombe la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye michezo ile, zawadi ambayo hadi leo inasomeka kama kuombwa radhi kwa mlango wa nyuma.

Aibu ile ndiyo iliyozaa mashine. Hapo naomba nimwite mkulima wa korosho, maana jambo hili analielewa kuliko wengi wanaoandika kuhusu michezo. Ghalani kuna mambo mawili. Kuna mzani: gunia linawekwa, namba inasomeka, mkibishana mnapima upya. Kisha kuna daraja: sampuli inachotwa, unyevu unaangaliwa, korosho zinapasuliwa, kiini kinatazamwa, na mtu anasema hii ni ya kwanza, hii ya pili. Kwenye mzani unaweza kugombana na chombo. Kwenye daraja unagombana na mtu, na mtu huyo ana jina na ana shemeji.

Kuanzia Barcelona 1992, ngumi za Olimpiki zilipelekwa kwenye mzani. Kila jaji alipewa vitufe, cha bluu na cha nyekundu. Ngumi ikitua anabonyeza, na wakibonyeza watatu kati ya watano ndani ya sekunde moja, pointi inaingia. Kwa maneno, hakuna haki safi kuliko hiyo. Kwa vitendo, ngumi nzito ya tumbo iliyozikwa katikati ya miili miwili haikuonwa na majaji watatu kwa sekunde moja, hivyo haikuwepo. Mfululizo wa ngumi nne za haraka uliweza kuandikwa pointi moja. Kigusio cha paji la uso, kikionekana na wote, kikawa sawa na ngumi ya kulaza mtu. Wanaouza kangomba, yaani korosho kwa bakuli nje ya mnada, wanaujua mchezo huo: bakuli ni bakuli, kilichomo shauri yako. Mabondia nao wakajifunza haraka, wakawa wanadonoa na kukimbia.

Malalamiko nayo hayakuisha. Atlanta 1996, Floyd Mayweather alitolewa nusu fainali na Serafim Todorov wa Bulgaria kwa 10-9, na refa kwa kuchanganyikiwa akaanza kwa kuunyanyua mkono wa Mayweather. Mzani ulikuwepo, vitufe vilikuwepo, na ugomvi ulikuwepo vilevile.

Mwaka 2013 wakarudi kwenye daraja, yaani 10-9 tunayoijua leo, na mwaka 2016 kule Rio ikaonekana ubaya wa daraja linalotolewa gizani. Majaji walikaa watano, kompyuta ikachagua watatu wa kuhesabiwa. Michael Conlan wa Ireland akapoteza kwa Mrusi Vladimir Nikitin, ambaye aliumizwa kiasi kwamba hakuweza kupanda ulingoni kwenye nusu fainali. Vassiliy Levit wa Kazakhstan akanyimwa dhahabu ya uzito wa juu mbele ya ukumbi uliokuwa unazomea. Waamuzi na majaji wote 36 wa michezo ile wakasimamishwa kupisha uchunguzi, na mwaka 2021 ripoti ya mwanasheria Richard McLaren ikasema wazi kwamba matokeo Rio yalipangwa, mapambano hayo mawili yakiwa kwenye orodha ya yanayotiliwa shaka.

Hili la Rio ndilo linanifanya nisiungane kirahisi na wenzangu wanaosema dawa ya ubebaji wa Mtwara ni kuleta majaji kutoka Dar es Salaam. Hoja yao ninaielewa. Huku tunajuana mno. Jaji amemfundisha kaka wa bondia, anaswali msikiti mmoja na kocha, mkewe anauza vitumbua mtaa mmoja na mama wa kona ya bluu. Hata akiwa malaika, atakapompa kijana wa Mtwara ushindi dhidi ya kijana wa Masasi au Lindi, wageni watasema mbeleko. Hiyo ni kweli, na ni kweli pia kwamba ukumbi wa nyumbani una mkono wake. Kijana wetu akipiga glovu tu, watu mia wanapaza sauti, na jaji ambaye upande wake hakuona vizuri anasaidiwa na masikio. Mimi mwenyewe usiku ule, ninavyojua, nilisaidiwa na waliotoka Masasi waliokaa nyuma yangu.

Lakini majaji wa Rio walitoka duniani kote. Hawakuwa na shemeji ulingoni. Umbali haukuwazuia kupangwa. Ukimtoa jaji Dar, zaidi ya kilomita 500 kwa basi, ukamlipia gesti na chakula, umeondoa ujirani, hujaondoa wafadhili wa pambano, na bajeti ya kumlaza usiku mbili ndiyo ingenunua glovu mpya za klabu nzima. Glovu zenyewe usiku ule zilikuwa jozi mbili. Pambano likiisha zinavuliwa zikiwa mbichi kwa jasho, anavishwa anayefuata.

Na upande wa majaji wana la kusema ambalo mashabiki hatupendi kulisikia. Jaji wa ngumi za ridhaa anakaa kwenye kiti kigumu saa tano, mapambano kumi na kitu, kwa posho ya nauli. Akikosea kwa raundi moja anatukanwa yeye pamoja na mama yake. Anaondoka kwa bodaboda kupitia palepale waliposimama wenye hasira. Tukitaka jaji mwenye moyo wa kuandika anachokiona, lazima afike nyumbani salama.

Kwa hiyo pande zote mbili zina ukweli, ila ukweli wao hauna uzito mmoja, na sitajifanya nimesimama katikati. Naona tatizo letu kubwa si jaji kutoka mtaa wetu. Ni jaji asiyesomwa. Usiku ule mtangazaji alisema "mshindi kwa pointi" na basi. Hakusema ni majaji wote watatu au wawili kwa mmoja. Hakusema nani aliandika ngapi, raundi ipi. Karatasi zilikunjwa zikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye mkoba, na ukumbi ukaachiwa ujaze mwenyewe. Ghalani ukimficha mkulima daraja la mzigo wake namna hiyo, mnada hauendi.

Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, alama za majaji zilionyeshwa baada ya kila raundi. Bondia aliijua hali yake akiwa bado kona anafutwa jasho. Wanaopinga utaratibu huo wana hoja mbili. Ya kwanza: bondia akijua ameshinda mbili za mwanzo, ya tatu anakimbia tu, na pambano linakufa. Ni kweli, nimeona, inakera. Ya pili: jaji akisomwa jina na pointi zake katikati ya pambano, raundi inayofuata ataandika kwa kuogopa ukumbi. Hii ya pili kwa Mtwara naichukulia kwa uzito. Ukumbi wetu hauna vyumba vya siri wala polisi wa kutosha.

Basi zisomwe mwisho. Zisomwe zote, kwa raundi, kwa namba ya kiti cha jaji kama jina linaogopesha, halafu nakala ibandikwe mlangoni na kila kocha apewe yake. Gharama yake ni karatasi na kalamu. Na ikiwezekana viti viwe vitano, hata kwa fainali tu, ili kila upande wa ulingo uwe na macho.

Kuna sababu nyingine ya kulitaka hili, nayo ni ya ulingoni kabisa. Kijana anayeshinda nyumbani kwa kurusha ngumi pana zinazoamsha ukumbi hajui kwamba pengine ameshinda kwa sababu ya zile jebu tatu ambazo hakuna aliyezishangilia. Anaendelea kurusha pana. Akienda kwenye mashindano ya taifa, akakutana na vijana wa timu za majeshi wanaofundishwa pointi kila siku, anapigwa raundi zote na kurudi akisema kaibiwa. Tanzania imepata dhahabu ya ngumi Jumuiya ya Madola kwa Michael Yombayomba, Kuala Lumpur 1998, na shaba mbili Birmingham 2022 kwa Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Huko hufiki kwa kelele za ukumbi wa kwenu.

Nirudi kwenye ile Jumamosi. Tukiwa bado kwenye chipsi, jaji mmoja alikuja kununua yake, mtu mzima, mstaafu wa jeshi kwa mwendo wake. Kijana wa Masasi alikuwa amekaa benchi na kocha wake, jicho moja limevimba. Akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ulinipa ngapi?"

Jaji alimtazama, akatazama pembeni, kisha akachomoa kijidaftari mfuko wa shati. Alikuwa amejinakilia. 10-9 bluu, 10-9 bluu, 10-9 nyekundu. Kocha akainama kwenye mwanga wa balbu ya muuza chipsi, akasoma kwa kidole. Dakika chache kabla alikuwa anasema atapeleka malalamiko mkoani, kwamba Mtwara wote ni wezi.

"Ya kwanza sikatai," akasema. "Ya tatu umeona mwenyewe. Hii ya pili, mzee, hii ya pili ulikuwa umekaa wapi?"

Mzee akavuta benchi, akapanga chupa nne za soda ziwe kona za ulingo, akaweka ya tomato mahali aliposimama refa, na chipsi zikapoa tena.