Bunge Lione Mkataba Kabla ya Sahihi

Nina duka la vifaa vya ujenzi Nyamakima, jijini Nairobi, Kenya: kufuli, bawaba, koki za maji. Kila mzigo ukitoka bandarini naikagua hati ya forodha mstari kwa mstari, na ushuru wa reli haukosi. Ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, na ndio unaosaidia kulipa deni la SGR, reli ya kisasa, tulilokopa Benki ya Exim ya China. Bawaba imeshachangia deni hilo kabla sijaipanga kwenye rafu.

Ndiyo maana Hazina Kuu, yaani wizara ya fedha, na Bunge wakivutana kuhusu nani mwenye kauli juu ya mikopo ya nje, siwezi kusema hayo ni ya wakubwa.

Ibara ya 211 ya Katiba inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kukopa. Tena Bunge la Kitaifa au Seneti likipitisha azimio, Waziri wa Fedha ana siku 7 kuwasilisha habari za mkopo wowote. Ni jambo zuri, ila mara nyingi swali huulizwa kalamu ikiwa imeshapita. Kinachobaki mikononi mwa wabunge ni ukomo wa deni, nao wameusogeza wenyewe: shilingi trilioni 9 mwaka 2019, trilioni 10 mwaka 2022, kisha 2023 ukageuzwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa, na ruhusa ya kuzidi kwa asilimia 5. Dukani kwangu, mteja wa kukopa nikimwongezea kiwango kila anapokifikia, daftari halina kazi tena.

Mkopo wa SGR ulitiwa sahihi hapa Nairobi Mei 2014, Li Keqiang, Waziri Mkuu wa China, akiwa mgeni wetu. Watu waliodai kuona mikataba waliambiwa kuna kifungu cha usiri. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alitoa baadhi ya hati Novemba 2022. Miaka minane na ushei! Na muda huo wote sisi tunalipa forodhani.

Hazina husema masoko hayasubiri wabunge wamalize kuzozana. Kwa hati fungani nakubali. Februari 2024, ilipokopa dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya Eurobond, hati fungani ya kimataifa, iliyokuwa ikiiva Juni, siku chache za kuchelewa zingeweza kutugharimu. Lakini reli haijengwi kwa dharura. Mkopo wa mradi hujadiliwa kwa miezi. Haiwezekani zikosekane wiki mbili za kuuleta mbele ya kamati, milango ikiwa wazi, riba na dhamana vikisomwa kwa sauti.

Benki ya nje ikishikilia kifungu cha usiri, waziri aiweke kalamu mfukoni arudi nyumbani.