Kipenyo kikubwa, majitaka yaliyolala

Anayebuni bomba la kusukuma majitaka hushauriwa jambo moja na karibu kila mtu: ongeza kipenyo. Ushauri huo una mashiko. Chukua lita 30 kwa sekunde zinazosukumwa kilomita 2. Bomba la milimita 200 hupoteza kama mita 9 za kimo kwa msuguano, yaani pampu hufanya kazi kana kwamba inayapandisha maji mita 9 zaidi. La milimita 300 hupoteza mita 1 na kidogo. Ikiwa kituo cha pampu kinayapandisha maji mita 15, umeme unaotumika unashuka kwa theluthi hivi, miaka yote ya uhai wa bomba. Kwa maji safi ningekubali upesi.

Majitaka yana mchanga na mafuta, nayo yanataka kasi. Wengi huweka angalau mita 0.6 kwa sekunde ili mchanga usitulie, na kama mita 1 ili kuuzoa ukishatulia. Katika mfano wetu bomba dogo linapata 0.95. Lile kubwa linapata 0.42 tu, kwa hiyo mchanga unatuama, njia inabanwa, na nafuu ya umeme iliyopigiwa hesabu inaanza kuliwa.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Usiku wa manane maji yanayoingia kituoni yanaweza kushuka hadi lita 3 kwa sekunde. Bomba dogo linabeba mita za ujazo 63, hivyo kwa mwendo huo majitaka hukaa humo karibu saa 6. Kubwa linabeba 141: saa 13. Saa 13 bila hewa! Oksijeni huisha mapema, na bakteria walio kwenye utando wa ukuta wa bomba hugeuza salfeti, chumvi ya salfa iliyomo majini, kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Wapo wanaojibu kwamba bomba dogo ndilo lenye ukuta mwingi kwa kila lita. Ni kweli, lakini muda wa kukaa hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo hesabu ikifika mwisho, bomba kubwa ndilo linalotoa maji yenye gesi nyingi.

Gesi hiyo hutoka pale bomba linapomwaga kwenye chemba. Kwenye zege lenye unyevu juu ya maji, bakteria wengine huigeuza asidi ya salfuriki, na zege hulainika hadi ukalikwangua kwa bisibisi, kokoto zikabaki zimechomoza. Halafu kuna fundi anayefunua mfuniko. Gesi ikiwa kidogo inanuka yai viza. Ikizidi, pua huacha kunusa kabisa, naye akadhani hewa ni salama.

Bomba dogo nalo lina deni lake. Umeme ukikatika ghafla, pigo la maji, yaani wimbi la mgandamizo linalozuka mtiririko unapokatwa, huwa zito: kwenye bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya kasi inayokatwa papo hapo inaweza kuzaa mgandamizo wa takriban mita 100 za maji. Tena watu wakiongezeka, bomba hilo huelemewa mapema. Hoja hii ya pili ndiyo hushinda mikutanoni, likalazwa bomba la wakazi watakaofika miaka 20 ijayo, huku majitaka ya leo yakiozea ndani yake.

Kwa eneo linalokua, ningelaza mabomba mawili membamba katika mtaro mmoja, la pili lifunguliwe mtiririko utakapotosha. Gharama ya mwanzo hupanda, na vali za kutunza huongezeka. Vali hubadilishwa kwa spana. Chemba iliyoliwa na asidi hujengwa upya.